Ishushe Kidogo

Kwa Hamimu, pale Mwanga, taa huwaka mchana kutwa.
Ameziwasha mia moja, labda zaidi,
na chini yake mimi, na kiinua mgongo changu kwenye mkoba,
natokwa jasho kama mgebuka juu ya kichanja.
"Hii," anasema, "ina glopu kumi na mbili.
Hii ya vioo, upepo ukiigusa inalia.
Na hii, mama, ni dada yake ile ya hotelini kule ziwani."
Nikamuuliza: wa kuifuta vumbi ni nani?
Akacheka. Hana jibu la vumbi.

Kisha umeme ukakatika.

Kigoma hatushtuki. Tulisimama tu,
mimi, Hamimu na kijana wake wa ngazi,
na zile mia moja zikawa sawasawa.
Nikanyoosha mkono gizani.
Vioo: baridi, vingi, vina ncha.
Dhahabu: inabanduka kwa ukucha.
Halafu kitu cha bati, kipana, cha duara,
kama sufuria iliyofunikiwa ugali wa mtu aliyechelewa.
Nifungie hii.
"Mama, hujaiona!"
Nimeishika. Yatosha.

Chumba chenyewe hakikuwa chumba.
Kilikuwa stoo ya mama: madebe ya mawese,
magunia ya muhogo, paka asiye na jina.
Kula tulikula uani, sahani moja, mimi na Bukuru,
aliyenitangulia kuzaliwa kwa robo saa
na akaendelea kunitangulia kwenye kila tonge.
Leo nimebomoa, nimetia dirisha,
nina meza ya mninga na viti sita.
Wa kuvikalia bado sijawahesabu vizuri.

Bukuru katuma picha kutoka Dar, imefungwa kwa blanketi:
zabibu, matofaa, jagi la fedha,
na samaki ambaye hata wavuvi wa Kibirizi hawamjui kabila.
"Ukuta wa chumba cha kulia," ameandika,
"lazima uwe na chakula."
Nikamjibu kwamba kwetu chakula hukaa mezani.
Picha nimeigeuza, uso ukutani,
kama mtoto aliyedokoa nyama.
Zaituni wa jirani yeye kaleta saa kubwa,
"ili wageni wajue muda wa kuondoka."
Hiyo nimeitia kabatini. Inagonga humo humo, inanisema.

Kwa sababu ukuta una kitu tayari.
Gwimo ameupaka rangi mara tatu
na mara tatu doa limerudi,
la rangi ya machungwa, kimo cha kiuno,
mahali mama alipokuwa akishika
kila alipoinuka kutoka kwenye madebe,
mkono mmoja ukutani, mwingine mgongoni,
akiita majina yetu yote mawili kwa pumzi moja.
Si alama ya mkono. Vidole huvioni.
Ni mikono elfu na elfu ya mtu mmoja,
mmoja juu ya mwingine, hadi ukawa wingu.

"Ipo rangi ya mafuta," akasema Gwimo,
"inaziba hata dhambi."
Funga kopo lako, nikamwambia.
Akafunga, akapigapiga kifuniko kwa ngumi,
akaniangalia kama mtu anayedhani hatalipwa.

Magharibi akapanda ngazi, waya begani.
"Niishushe mpaka wapi?"
Nikaketi. Kidogo. Tena kidogo.
Dari ikapotea, na kona zake,
na ufa niliokuwa nikiwaficha watu.
Mwanga ukamwagika mezani, ukavuka viti,
ukafika ukutani na kuishia pale pale, kimo cha kiuno.
Mimi nyumba nimekwisha kuiona.
Nataka kumwona ambaye hajashiba.

"Hapa mtu mrefu atagonga kichwa," Gwimo akasema.

Nikamfikiria Bukuru, Desemba, na suti yake.

Ishushe kidogo.